UFUNDI: Chagua ruta kwanza, jeki baadaye

Huenda wewe ni seremala hapo Mkata. Unatengeneza milango ya mninga. Mfereji wa kushika paneli unauchimba kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo inakula siku. Ruta huimaliza kwa dakika chache.

Ruta ni mashine ya umeme inayozungusha kisu kidogo. Kisu hicho huitwa biti. Ukiifunga ruta kichwa chini, ndani ya meza yenye tundu, biti hujitokeza juu. Mikono yako inabaki huru kusukuma ubao.

Biti lazima ipande au ishuke kufuatana na kina cha mfereji. Kwa hiyo madukani kuna jeki maalumu ya ruta. Unazungusha hendeli juu ya meza, na ruta inapanda kidogo kidogo. Inapendeza sana. Wengine huinunua hiyo kwanza, na hapo fedha hupotea. Jeki nyingi hushika mota ya unene mmoja tu. Ziko za milimita 65, kwa ruta ndogo. Ziko za milimita 107 hivi, kwa ruta kubwa. Nunua ruta, pima mota yake, ndipo utafute jeki.

Ruta ndogo ya wati 700 inatosha kulainisha kingo za stuli. Kwa milango ya mninga tafuta ya wati 1600 au zaidi. Iwe na swichi ya kupunguza mwendo. Biti yenye upana wa milimita 75 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Hakuna basi la Arusha linalofika huko! Biti pana kama hiyo izungushwe mara 10,000 hivi.

Angalia pia mdomo unaoshika biti. Milimita 12 si nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti ni ndogo, lakini biti nyembamba haikazi katika mdomo mpana. Inaweza kuchomoka na kumpiga mtu.

Ukinunua mtumba, soma kibati cha mashine. Umeme wetu ni volti 230. Mashine nyingi za Marekani ni volti 120, na za Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja, itaungua.

Je, fedha za jeki ya dukani hazipo? Mimi nisingetoa fedha za kikundi kwa jeki hiyo mwaka wa kwanza. Chukua jeki ya mkasi ya gari dogo. Ifunge kwenye ubao imara chini ya ruta. Ruta yenye springi ndiyo inayofaa hapa. Jeki inaisukuma juu, springi inairudisha chini. Ukishapata kina unachotaka, kaza kufuli la ruta. Usipokaza, mtikisiko utaishusha.

Fedha uliyookoa nunua swichi ya usalama. Umeme ukikatika, swichi hii hujizima yenyewe. Umeme ukirudi, ruta haiwaki mpaka ubonyeze. Bila swichi hii, fikiri itakuwaje. Umeme umekatika. Unasahau kuzima. Unainama kubadilisha biti, vidole viko juu yake. Umeme unarudi. Hata ukiwa na swichi hii, chomoa waya kwanza kila unapobadilisha biti.

Wakati wa kazi, ubao wa kuongozea uwe nyuma ya biti. Sukuma mti kutoka kulia kwenda kushoto. Ukisukuma upande mwingine, biti itaunyakua mti na kuvuta mkono. Usile mninga kwa kina cha zaidi ya milimita 3 kwa mara moja. Rudia mpaka mfereji ufike. Funika pua na mdomo, na vaa miwani. Vumbi la mvule huwasha hata ngozi. Jaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki, kabla hujaugusa mlango wa mteja.