Mlima uko Moshi, mteja ananaswa Ulaya

Mgeni aliyeko Munich au Chicago anapoamua kupanda Mlima Kilimanjaro, safari yake haianzii katika lango la Marangu wala la Machame. Huanzia katika kisanduku cheupe cha Google, anakoandika maneno mawili au matatu na kusubiri kwa muda usiofika sekunde moja. Kinachomjia kwanza mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, kisha mawakala wakubwa wa Ulaya na Marekani, kisha majarida ya usafiri. Zipo kampuni chache kubwa za Moshi na Arusha zilizofaulu kupenya humo. Lakini kampuni ndogo yenye magari mawili, ambayo waongozaji wake wamezaliwa chini ya mlima huo, hukutwa katika kurasa za nyuma ambako ni watafutaji wachache mno wanaofika.

Hilo si suala la heshima tu. Kanuni za hifadhi hazimruhusu mgeni kupanda bila muongozaji aliyesajiliwa, hivyo wakala wa ng'ambo hana budi hatimaye kumkabidhi mteja wake kwa kampuni ya hapa nchini. Mlima ni ule ule na wapagazi ni wale wale. Kinachobadilika ni fedha, kwani sehemu ya bei hubaki kwa wakala kabla mgeni hajatua KIA. Ada za hifadhi hazipunguziki, wala mafuta ya gari. Kinachoweza kubanwa kwa urahisi ni ujira wa mpagazi, na si ajabu kwamba mjini Moshi upo mradi mzima, ujulikanao kwa kifupi KPAP, ambao kazi yake ni kufuatilia iwapo wapagazi wanalipwa na kulishwa inavyostahili.

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivyo, ni lazima kurudi mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google. Wazo lao lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kama kura, na kura ya tovuti inayoheshimika iwe na uzito zaidi. Wazo hilo lilikuwa zuri, ila lilimfaa zaidi aliyewahi kufika. Mkongo wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti zenye gharama kubwa na kasi ndogo, wakati mawakala wa London na Amsterdam walikwisha kukusanya kura kwa miaka kumi. Mitambo ya utafutaji imebadilika sana tangu wakati huo na sasa hupima mambo mengi mno, lakini faida ya kutangulia haijafutika.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kudai kwamba tatizo lote liko ng'ambo. Tovuti nyingi za kampuni ndogo zina kasoro ambazo hazihitaji fedha za wakala wa Amsterdam kuzirekebisha. Bei na ratiba huwekwa ndani ya picha, na hivyo mtambo unaosoma maandishi huziona kwa shida. Kila ukurasa hupewa kichwa kimoja cha “Karibu”, kana kwamba kuna mtu anayetafuta neno hilo. Picha hupakiwa zikiwa nzito kama zilivyotoka kwenye kamera, kisha mgeni mwenye simu huchoka kusubiri na kuondoka. Google ilitangaza mwaka 2014 kwamba usalama wa tovuti ni kigezo kimojawapo cha kuipanga, na mwaka 2015 ikaanza kuzipa nafasi bora tovuti zinazosomeka vizuri kwenye simu. Tovuti iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita na kijana wa mtaani, kisha ikaachwa, haina lolote kati ya hayo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kunakili. Ratiba ya siku sita kwa njia ya Machame hunakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti moja hadi nyingine, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mtambo ukikuta kurasa hamsini zenye maneno yale yale, hauna sababu ya kuzionyesha zote. Utachagua moja, na kwa kawaida itakuwa ya yule mwenye kura nyingi. Ndivyo kampuni ya Moshi inavyojikuta ikishindwa na wakala aliyenakili maelezo yake yenyewe.

Jambo hilo linasikitisha kwa sababu Moshi inayo mali ambayo Chicago haina. Muongozaji aliyepanda mara mia mbili anajua kwamba njia ya Rongai, iliyo upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, hupata mvua kidogo kuliko njia za kusini, na kwa hiyo huweza kumfaa anayelazimika kusafiri wakati wa masika. Anajua kwamba Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala, na kwamba mgeni anayeng'ang'ania siku tano ili kuokoa dola chache ndiye mara nyingi anayegeuzwa kabla ya kufika mita 5,895. Anajua mama wa miaka 60 afanye mazoezi gani, na koti lipi linakodishwa mjini na lipi lisiachwe nyumbani. Hayo ndiyo maswali ambayo watu huyaandika kwenye Google, tena kwa sentensi ndefu.

Hapo ndipo penye nafasi. Kampuni ndogo haiwezi kushinda kwa maneno “kupanda Kilimanjaro” kwa Kiingereza, na anayeiahidi hivyo anaiuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini ukurasa mmoja wenye maelezo ya kweli kuhusu kupanda kwa njia ya Rongai mwezi wa Aprili, ulioandikwa na mtu aliyewahi kunyeshewa huko, una washindani wachache. Anayeuliza swali mahususi kiasi hicho huwa amekaribia kulipa kuliko yule anayetazama picha za theluji. Ikumbukwe pia kwamba tangu Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania lilipofikisha intaneti katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, mpandaji anaweza kurusha picha akiwa mlimani. Ni kichekesho kwamba picha hiyo huonekana duniani kote kwa dakika chache, huku tovuti ya kampuni iliyompandisha haijulikani hata Arusha.

Pengo hilo limezaa biashara nyingine. Wamejitokeza wapiga debe wa mtandaoni wanaoziandikia kampuni ndogo barua pepe na kuziahidi nafasi ya kwanza katika muda wa wiki mbili. Google yenyewe imeandika wazi kwamba hakuna awezaye kutoa dhamana hiyo, na kwamba kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka mmoja kabla matunda ya marekebisho hayajaonekana. Baadhi ya wapiga debe hao bado hutoza fedha kwa kujaza orodha ya maneno yaliyofichwa ndani ya ukurasa, ilhali Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii orodha hiyo kupanga matokeo. Wengine huuza viungo kwa mafungu. Biashara hiyo ilipigwa rungu Aprili 2012 kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi duniani zilizokuwa zimenunua kura za bandia zikaporomoka. Anayenunua viungo leo ananunua hatari kwa fedha zake mwenyewe.

Kwa biashara ambayo mteja wake yuko mtaani, hali ni tofauti kidogo. Fundi friji wa Sinza au saluni ya Majengo haihitaji kuonekana Munich. Inahitaji kuonekana kwenye ramani pale jirani anapotafuta kwa simu. Kwa mujibu wa Google, matokeo ya aina hiyo hupangwa kwa kuangalia mambo matatu: jinsi biashara inavyohusiana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa mtafutaji, na umaarufu wake. Umbali haununuliki, na hapo mnyonge ana haki sawa na tajiri.

Kikwazo cha miaka mingi kilikuwa anwani. Mfumo wa kuthibitisha biashara kwa kutuma kadi yenye tarakimu za siri kwa njia ya posta ulibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo mleta barua hugonga mlango. Tanzania ni nchi ya sanduku la posta, na mahali huelekezwa kwa mti wa mwembe, kituo cha daladala au nyumba yenye geti jekundu. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyofanyika kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, iliipatia mitaa mingi majina ya barabara na namba za nyumba. Aidha, siku hizi uthibitisho huweza kufanywa kwa video inayoonyesha bango, mtaa na vifaa vya kazi. Kazi hiyo si ya mtaalamu, na haina ada. Pamoja na hayo, ni kawaida kukuta biashara moja ikiwa na namba tatu za simu katika sehemu tatu, moja ikiwa ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Mtambo ukikuta taarifa zinazopingana, huzitilia shaka zote.

Ipo pia nafasi ya lugha. Kurasa nzuri za Kiswahili kuhusu huduma za kila siku bado ni chache, na mwenye gereji anayeeleza kwa Kiswahili fasaha dalili za pampu ya mafuta kuharibika anaingia katika uwanja usio na msongamano. Wengi hawaingii, kwa kudhani kwamba tovuti ni kitu cha Kiingereza.

Swali gumu zaidi ni usalama wa kumtegemea mtu mmoja. Kenya ina kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 2011, Google ilizindua huko mpango wa kuzipatia biashara ndogo tovuti za bure. Januari 2012, kampuni ya Mocality, iliyokuwa imejenga orodha ya biashara za Kenya kwa kuwalipa wananchi kupitia M-PESA ili wakusanye taarifa, ilionyesha hadharani kwamba orodha yake ilikuwa ikitumiwa na watu wa mpango huo kuwapigia simu wateja wake. Google ilikiri kwamba mambo yaliyofanyika hayakuwa sahihi na kuomba radhi. Mocality ilifungwa mwaka 2013.

Machi 2024 likatokea jingine. Google ilizizima tovuti rahisi ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wakizitengeneza bure kupitia huduma yake ya Business Profile. Kwa miezi michache wageni walielekezwa kwenye wasifu wa biashara, kisha anwani zile zikafa. Aliyekuwa amezichapisha kwenye kadi na ubavuni mwa gari lake alibaki na rangi tu. Wanaotegemea kurasa za Facebook na Instagram peke yake wako katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa wamejenga kwenye kiwanja cha mtu. Jina la tovuti lenye .co.tz au .co.ke lililosajiliwa kwa jina la mwenye biashara, na si kwa jina la fundi aliyeitengeneza, ni gharama ndogo ya mwaka inayostahili kulipwa kabla ya matangazo yoyote.

Yapo madai kwamba mapambano yote haya yamepitwa na wakati. Tangu Mei 2024, Google ilianza nchini Marekani kuweka juu ya matokeo majibu yaliyotungwa na akili bandia, na baadaye ikayapeleka katika nchi nyingine nyingi. Msomaji aliyepata jibu hapo juu huenda asifungue tovuti yoyote. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ililinda ukiritimba wake katika utafutaji kinyume cha sheria. Hukumu yake ya Septemba 2025 kuhusu adhabu haikuilazimisha kuuza Chrome, bali ilizuia mikataba ya upekee na kuagiza baadhi ya data zifikishwe kwa washindani. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya masoko ya kidijiti ilianza kutekelezwa Machi 2024, na wenye hoteli wakalalamika kwamba mabadiliko yaliyofuata yaliwanufaisha mawakala kuliko wao. Kampuni mama ya Booking.com ilitumia zaidi ya dola bilioni 6 kwa matangazo mwaka 2023. Hakuna mahakama itakayoipa nyumba ya wageni ya Moshi bajeti ya kulingana nayo.

Lakini majibu hayo ya akili bandia nayo hutungwa kutokana na kurasa zilizoandikwa na watu. Kama zinazosomwa ni za mawakala peke yao, jibu litakuwa la mawakala. Hapo vyama vya wafanyabiashara ya utalii na Bodi ya Utalii vina jambo moja la kufanya lisilohitaji mkopo wala mfadhili, nalo ni kuweka katika tovuti zao orodha kamili ya kampuni zenye leseni, kila moja ikiwa na kiungo kinachofanya kazi. Kura ya taasisi ya umma ni nzito, na itakuwa ajabu iwapo mwenye leseni halali atainunua kwa mpiga debe wakati mamlaka zinazomtambua zinaweza kumpatia bure.

Msimu mkubwa wa mlima huanza Juni, na wageni wengi huanza kutafuta miezi mingi kabla. Kwa kipimo cha miezi minne hadi mwaka mmoja, kampuni itakayorekebisha kurasa zake mwezi wa Mei itakuwa inajiandaa kwa wageni wa mwakani.