Mafunzo ya nyanjani si lazima yawe mjini

Kila muhula ukikaribia kwisha, vijana wa vyuo huonekana wakipanda na kushuka ngazi za ofisi za katikati ya Nairobi, bahasha ya kaki kwapani, wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani, au atachimenti kama wanavyoyaita wenyewe. Wengi hurudi Kibera na Kawangware jioni miguu ikiwauma, barua zimebaki kwa bawabu.

Wazazi, na tusemezane ukweli. Miezi mitatu ya mafunzo haya aghalabu haina malipo. Nauli ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano kwa juma, kwa majuma 12, ni shilingi 6,000, na hapo kijana hajatia hata chapati na maharagwe tumboni. Katika nyumba ambayo mama anauza mitumba Toi na baba anangoja kibarua langoni kule Eneo la Viwanda, hizo ni pesa za kodi. Si ajabu basi mwingine akaacha mwezi wa pili, na katika kozi nyingi bila mafunzo haya cheti hakitoki.

Ndiyo maana nasema kijana aanze kutafuta pale anapoweza kufika kwa miguu. Anayetoka Kibera ana Hospitali ya Mbagathi mlangoni pake, na karakana na maduka ya Ngong Road si mbali. Anayesomea utangazaji na abishe hodi kwanza Pamoja FM, redio ya jamii iliyoanzishwa papo hapo Kibera mwaka 2007, kabla ya kupiga foleni kwenye vituo vikubwa. Tena tukumbuke mwaka 2009, vijana wa Kibera walipofunzwa kutumia vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera. Walizunguka vichochoroni wakaweka zahanati, shule, vyoo na mabomba ya maji kwenye ramani iliyokuwa karibu tupu. Ujuzi ule waliupatia mtaani kwao.

Kawangware nako kuna mafundi wa magari, wa kuchomelea vyuma na wa fanicha. Katika kampuni kubwa mwanafunzi anaweza kumaliza miezi mitatu akitoa nakala na kubeba chai, ilhali kwa fundi atashika kazi yenyewe. Ila asianze kabla ya kumwuliza mwalimu wake, kwani chuo hutaka msimamizi atakayetia sahihi na muhuri. Ni vyema kumtafuta fundi aliyefanya majaribio ya ufundi ya serikali na kupewa gredi.

Majaribio hayo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, yenye makao yake Commercial Street, huko huko Eneo la Viwanda. Aliyekosa nafasi kabisa aende huko, kwani kuwatafutia wanafunzi nafasi ni sehemu ya kazi yao. Waajiri hutozwa na sheria shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. Kwa hivyo kijana anapobisha mlango wa kiwanda haombi sadaka.

Jambo jingine linaniudhi kidogo. Wapo wanaoandika Lang'ata au Lavington kwenye barua, wakiona haya kutaja Kibera au Kawangware. Andika unakokaa! Mwajiri aliye jirani atajua kwamba matatu zikigoma au mvua ikinyesha, wewe utafika tu.

Ukishapokewa, jaza kile kitabu cha kazi za kila siku jioni ile ile. Usingoje Ijumaa, utakuwa umesahau nusu. Mkaguzi kutoka chuoni atakisoma, na ukurasa ulioandikwa “nilisaidia ofisini” haumwambii lolote. Andika ni injini gani uliifungua, ni kasoro gani mlikuta, na mliirekebisha vipi.

Mwisho, jihadharini na matapeli. Hospitali nyingine hutoza ada ya mafunzo, lakini ada hiyo hulipwa ofisini na risiti ikatolewa. Anayetaka utume pesa kwa simu yake ili “akushikie nafasi” hana nafasi yoyote, hata kama amevaa tai.