Ufa Ulioonekana, Ukaachwa

Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma iliwaka moto katika kituo cha kupozea umeme cha North Hyde, magharibi ya London. Wateja zaidi ya 66,000 walikosa umeme, na siku ya pili yake uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa.

Wako watakaosema ya kuwa ajali haina kinga. Sisi hatukubali. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi Julai 2025, yasema moto ulianzia katika bushingi, yaani nguzo ipitishayo umeme wa volti 275,000 kuingia katika transfoma. Ndani ya nguzo hiyo umeme huzuiwa na karatasi iliyoloweshwa mafuta. Unyevu ukipenya, karatasi hupoteza nguvu zake. Umeme huruka, na mafuta hushika moto. Yaelekea ndivyo ilivyokuwa. Na la kusikitisha zaidi ni hili: mafuta ya bushingi ile yalipimwa mwaka 2018, unyevu ukaonekana umezidi, na kanuni za kazi zilitaka ibadilishwe. Haikubadilishwa.

Je, sisi hayo yatuhusu? Naam. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, husafiri hadi Chalinze kwa msongo wa volti 400,000, na karatasi na mafuta ni yale yale. Transfoma yenye ugonjwa hunguruma kama nzima mpaka siku yake ya mwisho. Wenye kuujua ugonjwa huo mapema ni wapimaji tu: hupima unyevu, hutafuta gesi ndani ya mafuta, nayo gesi ya asetilini huwaambia kwamba cheche zimekwisha anza.

Lakini kipimo kilicholala katika daftari hakimwokoi mtu. Twajua vipuri ni ghali, na kuzima mtambo kwa matengenezo huleta manung'uniko. Lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kiwanda kilichosimama na hospitali iliyo gizani. Kwa hiyo twasema: kila kipimo kibaya kiandikiwe jina la mkubwa anayepaswa kuchukua hatua, na tarehe ya mwisho ya kuichukua. Na fundi aliyetoa taarifa asiitwe msumbufu akiuliza mara ya pili, na ya tatu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.