Daftari la Wiki: Waliobebana

Kinyago cha mti mweupe kilichopakwa dawa ya viatu si cha mpingo. Anayetaka hakika akichukue akitie majini: mpingo huzama.

Kinyago cha Kimakonde cha watu waliobebana, kinachoitwa ujamaa, kinapendwa sana, na wengi wanaokipenda husema ni kwa sababu kinahubiri umoja. Sababu hiyo haitoshi. Wamakonde waliohamia Tanganyika kutoka Msumbiji walikuwa wakichonga mtindo huo kabla ya Azimio la Arusha la 1967 kuitangaza siasa ya ujamaa. Uliitwa dimoongo, na Roberto Yakobo Sangwani, anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, alichonga mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Jina la siasa lilikuja baadaye. Siasa yenyewe ikafifia miaka ya 1980, kinyago kisififie nayo. Basi kinachopendwa ni kazi yenyewe. Gogo ni moja, hakuna gundi wala msumari. Babu, mama na mtoto wote wametoka kwenye moyo wa mti mmoja, na patasi ikiteleza, mkono wa mtu umekwenda na haurudi. Tazama unyayo uliokanyaga bega la wa chini: vidole vimejikunja vikitafuta pa kushika, bega nalo limeinama kupokea uzito. Hapo umoja unasadikika, kwa kuwa tunauona unavyolemea.

Wapo wanaosema hiyo ni bidhaa ya watalii, imerudiwarudiwa hadi imekwisha ladha. Ni kweli vipo vilivyochongwa kwa pupa, nyuso zote sura moja. Lakini kurudia si kosa: nyimbo za harusi ni zilezile kila Jumamosi, na mwimbaji hodari hujulikana palepale anapofungua kinywa. Mnunuzi huchagua cha kununua. Tezo haishiki yeye. Ubovu wa kinyago kimoja ni wa kinyago hicho, si wa mtindo mzima.

Upande wa uchoraji, jina la msanii limebaki: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akafa 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu, rangi ya baiskeli na vipande vya hadibodi, na jina lake likawa jina la mtindo. Inatia fahari, na inauma.

Nimeshasema na nitazidi kusema: duka linalouza kinyago lijue nani kakichonga, limwambie mnunuzi. Anayeipenda kazi ana haki ya kujua amshukuru nani.