Waacheni Wazee wa Ayalandi Walilie Mechi za Kale

Wapo wanaowacheka wazee wa Ayalandi ati kila siku ni kusifu mechi za zamani za kandanda ya Kigaeli, ule mchezo wa kudaka mpira kwa mikono na kuupiga teke. Mimi nasema waachwe waseme!

Hebu tazama mwaka 1991. Dublin na Meath, kaunti jirani, zilikutana katika raundi ya awali tu ya mkoa wa Leinster. Sare. Wakarudiana, sare. Mara ya tatu, sare tena! Mara ya nne Dublin wakaongoza kwa pointi tatu, dakika zinayoyoma, mara Kevin Foley, beki wa Meath, akatia bao, nalo bao ni pointi tatu. David Beggy akaongeza moja. Dublin kwisha!

Utamu ulikuwa hapo. Aliyeshindwa alifunga virago. Kuanzia 2001 walioshindwa mikoani wakafunguliwa mlango wa nyuma. Ni huruma, sikatai, maana wachezaji wenyewe hawalipwi mshahara. Lakini shabiki atatetemekaje mbele ya jirani akijua kesho atarudi mashindanoni? Dublin walitoka tarehe 6 Julai 1991, wakangoja mashindano ya ubingwa mpaka mwaka uliofuata.