Ua la Boma na Riziki ya Chozi

Katika Burat, kaunti ya Isiolo, ua wa boma husifiwa kwa miiba yake. Ni nadra kuulizwa ua huo unamlisha nani. Mshubiri ukipandwa ukingoni huchanua hata ardhi ikiwa kavu, naye chozi huja kufyonza utamu wa maua. Mgunga ukiachwa usimame, kwera hufuma viota matawini na mbuzi huokota maganda chini. (Hakuna anayemwalika tembo kwenye mahindi, mazungumzo haya ni ya ndege.)

Kinyume chake ni mathenge, mti wa kigeni ulioenezwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa ajili yake, na mbuzi aliyeng'oka meno akafikishwa mahakamani. Kuupanda leo, eti kwa kuwa hukua upesi, ni kukopa kwa riba.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana lao hapa. Chozi na kwera huwakariri katika ngeli, ilhali wengi hawajawaona.  Mbegu za mgunga, kwa bahati, hupatikana bure zizini, katika samadi ya mbuzi.