ANAYEJITOLEA NAYE ANA TUMBO

TAREHE 20 Januari, 2025 yalitokea mambo mawili kwa siku moja. Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Washington, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Yaani siku ileile tuliyohitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba vijijini, mmoja wa wafadhili wakubwa wanaowalipa watu wa namna hiyo nauli na posho alifunga mkoba wake. Ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo, shirika la misaada la Marekani, USAID, likafungwa kabisa.

Marburg ya Biharamulo iliua watu 10 kabla haijatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, 2025. Miaka miwili nyuma, mwaka 2023, ugonjwa huohuo ulikwishaingia Kagera, ukakamata watu tisa na kuua sita. Mara zote mbili ulizimwa kabla haujafika mbali. Tunawapongeza madaktari na wataalamu wa maabara. Lakini ugonjwa wa aina hii hauzimwi kwa kutazamwa maabara peke yake. Lazima apatikane mtu wa kuuliza nani alimwosha marehemu, nani alilala naye chumba kimoja, nani alikuja msibani na amerudi kijiji gani. Mtu huyo ni yule anayejua njia za kule, anayesalimia kwa lugha ya pale, na ambaye wenyeji hawamkimbii.

Ndiye huyo tunayemwita "mhudumu wa kujitolea".

Siku za kawaida, zisizo na Marburg, mtu huyu anampima mtoto mkono kwa utepe kuona kama ana utapiamlo. Anamhimiza mjamzito aende kliniki mapema. Anamfuata mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa, anaeleza jinsi ya kumpa maji mtoto anayeharisha, anaandika kwenye daftari nani kazaliwa na nani kafa. Mwaka 2007 Serikali ilitangaza mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Vijiji vingi bado vinaisubiri zahanati hiyo. Wakati wanasubiri, zahanati yao ni mtu mmoja mwenye miguu miwili, na akipata bahati, baiskeli.

Sasa tuulize swali ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa: mtu huyu anakula nini?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tarehe 31 Januari, 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, kwa muda wa miaka mitano. Gharama yake ilitangazwa kuwa shilingi bilioni 899 na ushee. Ni wazo zuri, na hatuoni aibu kulisema.

Lakini tufanye hesabu ya darasa la saba. Bilioni 899 ukizigawa kwa watu 137,294, kila mmoja anaangukiwa na kama milioni sita na nusu. Zigawe hizo kwa miezi 60 ya miaka mitano, unapata kama shilingi laki moja na elfu tisa kwa mwezi. Haya ni makadirio tu, maana wahudumu wanaingia kwa awamu, si wote siku moja. Hata hivyo fedha hizo ni za mpango mzima, mafunzo yakiwemo. Linganisha na kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, ambacho kuanzia Julai 2025 ni shilingi laki tano. Msomaji apime mwenyewe.

Wapo watakaotuambia kwamba kujitolea ni uzalendo na kwamba ukileta fedha moyo unaondoka. Tunawajibu hivi. Watanzania hawajaanza kujitolea leo. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", karibu watu milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza masomo ya redio, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hakuna aliyedai posho. Lakini kampeni ile ilikuwa ya wiki chache, na kila mtu alichimba choo chake mwenyewe. Kumtoa mtu shambani mwake kila wiki, mwaka baada ya mwaka, akahudumie kaya za wenzake wakati mahindi yake yanaliwa na nyani, ni jambo jingine. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira.

Tena uzalendo huu una ubaguzi. Mbona hauhubiriwi kwenye vikao? Hatujasikia mkurugenzi akiambiwa ahudhurie warsha kwa moyo wa kujitolea. Hatujaona shangingi likitembea kwa uzalendo bila mafuta. Uzalendo wa tumbo tupu huanza pale lami inapoishia.

Wala haya si maneno ya wapinzani peke yao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka wahudumu hawa walipwe kulingana na kazi yao, masaa yao na mafunzo yao. Ethiopia, nchi ambayo si tajiri kutushinda, ilianza mwaka 2003 kuwaweka wahudumu wa afya wa vijijini kwenye mshahara wa serikali. Ilifikisha zaidi ya 30,000, karibu wote wanawake. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2023 walitoa vifaa kwa wahudumu wao wapatao 100,000, na kila mmoja akaahidiwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Malalamiko ya kucheleweshewa yamesikika huko. Lakini mtu anayecheleweshewa ana deni la kudai. Wa kwetu aliyeitwa wa kujitolea atamdai nani?

Na wewe kijana wa Manzese, wa Kirumba, wa Mwanjelwa, usiseme hii ni habari ya bush haikuhusu. Mama yako yuko huko. Akipandwa na presha usiku, wewe uko mjini na simu yako, na anayegonga mlango wake ni yule mhudumu. Tena kuna la pili. Hilo neno "kujitolea" limekwishapanda basi na kuja mjini. Mwalimu aliyehitimu anaambiwa ajitolee kwanza. Muuguzi mwenye cheti anaambiwa ajitolee, ajira zikitoka atafikiriwa. Tukikubali kwamba mtu wa kijijini anaweza kufanyishwa kazi miaka kumi kwa fulana na kofia, tusishangae zamu yetu ikifika.

Sisi tunadai mambo matatu. Kwanza, malipo ya wahudumu hawa yawe na fungu lake kwenye bajeti ya Serikali, lisomwe bungeni kwa jina na kwa tarakimu, lisingojee hisani ya mfadhili. Mwaka 2001 pale Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Tanzania ilikuwepo. Ahadi hiyo haijafutwa. Pili, kila mhudumu awe na mkataba wa maandishi unaotaja kazi yake, malipo yake na mahali pa kulalamika akidhulumiwa. Tatu, majina ya waliochaguliwa na kiasi wanacholipwa yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, wananchi wasome, ili ndugu wa diwani asilipwe kwa kazi ambayo jirani yake anaifanya bure.

Fedha zipo? Tunawaomba wabunge wafungue vitabu vya bajeti kwenye kurasa za safari, semina na ununuzi wa magari, ndipo watujibu.

Mfadhili ni mgeni, na mgeni huondoka siku anayotaka. Tumeliona hilo mwaka 2025 bila kuhitaji kusimuliwa. Marburg ikirudi Kagera, au kipindupindu kikiingia kijiji chochote, tutamtafuta tena yule mtu wa kupita nyumba kwa nyumba. Serikali ihakikishe kwamba siku hiyo haimkuti amekwenda kulima kibarua kwa sababu watoto wake hawajala.